Mashine Iliyokunywa Maji ya Susu

Mashine ya kwanza ya kuosha vyombo ilikufa kwa chumvi baada ya miezi saba, na mimi sikuisikitikia. Ilikaa jikoni kwangu, nje kidogo ya Wote, ikinguruma kama gari lililokwama mchangani, na kila ilipomaliza, sahani zilitoka na unga mweupe ambao ilinibidi niusugue kwa mkono. Niliosha vyombo kabla ya kuvitia, kwa sababu mashine haikuweza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ulioshikana na sufuria. Nikaviosha tena baada ya kuvitoa, kwa sababu ya ule unga. Kazi moja ikawa mbili, na stima juu yake.

Aliyeileta ni mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mimi katika sisi wanne. Alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya ufuoni huko Mombasa, na wazungu waliomaliza kazi na kurudi kwao walimwachia vitu ambavyo hawakutaka kuvisafirisha. Hivyo ndivyo nilivyopata kiti cha kuzunguka, pasi ya mvuke, na picha ya mlima wenye theluji ambao mpaka leo sijui uko nchi gani. Vyote nilivipokea, nikasema asante, nikavitafutia pahali. Mashine ya vyombo ilikuwa jambo lingine. Hiyo aliitafuta mwenyewe, na aliitafuta kwa ajili ya mikono yangu.

Baba yetu alifariki tukiwa Kitui, na mama akafuata kabla ya miaka miwili kwisha. Nilikuwa darasa la sita. Wadogo zangu walipelekwa kwa susu, mama yake mama, huku Makueni. Mimi nikabaki Kitui mjini nikiosha vyombo katika hoteli ya chai na maandazi ili wao wasome. Niliosha kwa miaka tisa. Hatukuwa na sabuni ya vyombo, tulitumia majivu na nyuzi za mkonge, na maji ya moto yalikuwa ya wateja. Likizo zikifika, mdogo wangu huyo alikuja kunitembelea, akakaa juu ya kreti la soda nyuma ya hoteli akifanya hesabu zake huku nimeinama kwenye karai. Nilidhani anafanya hesabu. Kumbe alikuwa akitazama jinsi ngozi ilivyopasuka katikati ya vidole vyangu wakati wa baridi ya Julai, na akaweka nadhiri yake ya kitoto bila kuniuliza. Miaka ishirini na kitu baadaye nadhiri hiyo ikashushwa mlangoni pangu, imefungwa blanketi.

Sasa nieleze maji, kwa sababu bila maji habari hii haina maana. Nyumba yangu ilikuwa na maji ya namna mbili. Ya kwanza yalitoka kwenye kisima kilichochimbwa na serikali, yakaja kwa paipu Jumanne na Ijumaa, au Jumatano, au yasije kabisa. Yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, maziwa yalikatika kwenye chai, na birika liliota ganda jeupe ndani kama ukuta uliopakwa chokaa. Hayo tulifulia, tulioshea vyombo na tulioga. Ya pili yalikuwa ya mvua, ndani ya tangi la mabati lililosimama kando ya nyumba, na hayo yalikuwa ya kunywa na ya chai tu. Mfereji wa tangi ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwangu hata kanisani. Wageni kutoka Nairobi waliona ni uchoyo. Majirani zangu walifanya vivyo hivyo, na mmoja alikuwa na kufuli mbili, moja ambayo hata mumewe hakujua ufunguo wake uko wapi.

Kwa susu, ambaye sasa aliishi kwangu, lile tangi halikuwa jambo la ladha. Daktari alikuwa amemkataza chumvi kwa sababu ya presha, na maji ya kisima yalimvimbisha miguu mpaka viatu vikamkataa. Kwa hiyo kilichobaki ndani ya tangi tangu mvua za Aprili zikome hadi zile za Novemba zianze kilikuwa chake kwanza, halafu chetu. Mwaka huo mvua za Aprili zilipita kama mgeni asiyetaka kuketi. Ilipofika Septemba niligonga tangi kwa vifundo vya vidole, nikianzia juu kushuka. Lililia kama debe tupu hadi mkunjo wa saba wa bati kutoka chini, na hapo sauti ikawa nzito. Mikunjo saba ya maji, miezi miwili mbele yetu. Kama tungekunywa kwa adabu, yangefika.

Ni mwezi huo ambao mdogo wangu alichagua kuleta mashine ya pili.

Aliingia uani Ijumaa mchana na pikapu ya kuazima, akashuka akitabasamu.

“Mwaitu!” aliniita. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na aliniita hivyo tu akiwa na jambo lake. Siku nyingine zote nilikuwa dada.

“Umeleta nini tena?”

“Ile ya kwanza ilikuwa mzee. Hii ni ya juzi. Ona mlango wake, hata hausikiki ukifunga.”

“Ile ya kwanza haikuwa mzee. Iliuawa na chumvi. Na hii utainywesha maji gani?”

Aligeuza uso kidogo, akatazama tangi.

“Hapana,” nikasema.

“Lakini sijasema kitu!”

“Macho yako yamesema. Hayo ni maji ya susu.”

“Dada, nisikilize. Hii inatumia karai mbili tu. Wewe ukiosha kwa mkono unamwaga karai nne.”

“Ninamwaga nne za chumvi.”

Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katika kivuli cha tangi, mahali alipoketi kila mchana kwa sababu bati la chini lilikuwa na ubaridi. Akainua kichwa. “Huyu anataka nini?”

“Anataka kuoshea sahani maji yako.”

“Kwani sahani nazo zina presha?”

Tulicheka wote, hata mdogo wangu. Akasema, “Sawa, dada. Nimesikia.” Nilipaswa kujua. Mtu wa kwetu akikubali husema amekubali. Akisema amesikia, ana maana masikio yake yanafanya kazi.

Jumamosi nilikwenda kanisani kutwa nzima. Jumapili ilikuwa zamu yangu kuwapokea akina mama wa ushirika pamoja na mchungaji na mkewe kwa chakula cha mchana, na tulikuwa na mambo ya kupanga. Nyuma yangu mdogo wangu akamleta fundi. Alikuwa fundi mwenye sifa, ndiye aliyefunga pampu ya kanisa, na sifa hiyo ilimfanya asiulize maswali. Habari za siku ile nilizipata baadaye kutoka kwa susu, aliyeketi pale pale akitazama kila kitu.

Kwanza waliitoa mashine ya zamani. Paipu yake ilikuwa imeshikana na mfereji wa ukutani kwa lile ganda la chumvi, wakaigonga kwa nyundo mpaka ikatoka na kipande cha plasta. Halafu ikaonekana kwamba paipu ya mashine mpya ina nati ya ulaya, pana kuliko paipu zetu, na kila alipoikaza ilizunguka bure. Fundi akakata vipande vya blada ya baiskeli, akavifunga pale kama bendeji, akakaza kwa waya. Susu alisema alifunga vizuri. Alisema hata kidonda hakingelalamika.

Kisha wakaja kwenye tangi. Mfereji ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kanisani shingoni mwangu. Ingekuwa nyumba ya watu wa kawaida, hapo wangeacha. Lakini tangi lina kizibo kingine kwa nyuma, chini kabisa, cha kutolea tope wakati wa kulisafisha. Wakakifungua. Maji yakaruka. Fundi akaziba kwa kiganja, mdogo wangu akakimbia huku na huku akitafuta kiungo cha paipu, na susu akawa anapaza sauti, “Nyinyi! Hayo ni yangu!”

“Ni kidogo tu, susu,” fundi akasema, maji yakimtiririkia kwapani.

“Kidogo chako au kidogo changu?”

Wakafanikiwa. Paipu nyeusi ikapita nyuma ya nyumba, ikaingia jikoni. Paipu nyingine, ya kutoa maji machafu, wakaitoa kwa tundu la ukutani chini kabisa sakafuni, wakailaza kwenye mteremko hadi migombani. Hilo hakuna aliyelifikiria mara mbili. Kwetu maji machafu huenda kwenye migomba au mapapai. Mtu anayemwaga maji barabarani hutazamwa kama mtu anayetupa chakula. Hata mimi ningekuwepo ningesema pelekeni migombani.

Nilirudi saa kumi na moja nimechoka. Niliona mashine imesimama jikoni. Niliona pia ardhi imelowa nyuma ya tangi.

“Hapa kumelowa kwa nini?”

“Fundi alinawa mikono,” mdogo wangu akasema.

Mikono gani hiyo, ya tembo? Lakini nilikuwa na kuku wa kuchinja na mchele wa kuchambua kwa ajili ya kesho, nikaliacha. Katika mambo yote ya siku zile hilo ndilo linaloniudhi zaidi, na halimhusu mtu mwingine. Mimi ninayegonga tangi kila Jumapili baada ya kanisa kama mtu anayesali, siku ile niliona ardhi imelowa na nikapita.

Jumapili walikuja watu kumi na wanane. Walikula, wakashiba, wakaimba. Vyombo vilipokusanywa, mdogo wangu alisimama mbele ya mashine na kuwaita akina mama jikoni, na kwa namna alivyonyoosha mkono ungedhani anazindua shule.

“Hapa unaweka sahani. Hapa vikombe. Hapa sabuni yake. Unafunga, unabonyeza, unakwenda zako.”

“Na bwana naye anawekwa wapi?” mama mmoja akauliza. “Wangu ana matope hata masikioni.”

“Wako hatoshi humo, ana tumbo,” mwingine akamjibu.

Mke wa mchungaji akanishika mkono, akanigeuza kiganja. “Mungu amekukumbuka, dada. Hii mikono imefanya kazi.”

Ningesema nini? Mdogo wangu alikuwa akinitazama, uso wake umejaa kama wa mtoto aliyeleta ripoti nzuri. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, “Inakunywa ya kisima?” Akasema, “Usijali, dada, tumeipangia.” Akabonyeza. Mashine ikaanza kuvuta maji kwa sauti nyembamba, na akina mama wakapiga makofi.

Kisha ikawa wakati wa kusindikiza wageni. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, na heshima yake hupimwa kwa umbali utakaokwenda. Mchungaji husindikizwa mbali.

“Tuiache peke yake?” nikauliza.

“Iache. Inajua kazi yake.”

Tukatoka sote, nyumba nzima, isipokuwa susu aliyekuwa amelala chumbani baada ya kula. Tulipofika kwenye njia panda mchungaji akakumbuka kuna mgonjwa nyumba ya tatu, tukaenda kumwombea. Yule mgonjwa akapata nafuu ya kutosha kuagiza tuwekewe chai, na chai ya mgonjwa haikataliwi. Ndipo tukaagana, halafu nao wakatusindikiza kurudi. Tuliporudi nyumbani kwangu jua lilikuwa limeshuka juu ya mikatani ya jirani. Tulikuwa tumekaa nje kwa muda wa saa nne.

Niliona kuku kwanza. Walikuwa wote migombani, wamesimama kwenye maji, wakinywa na kuinua vichwa, wakinywa na kuinua vichwa. Mtaro wangu wa migomba ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yameanza kuteremka kwenda shamba la jirani. Kutoka jikoni nilisikia ile sauti nyembamba, ile ile, mashine bado inavuta.

Sikuingia ndani. Nilikwenda kwenye tangi, nikagonga mkunjo wa saba. Likalia. Wa sita, likalia. Wa tano, wa nne, wa tatu. Nilipiga magoti. Wa pili ulilia. Nilipofika kwenye ule wa chini kabisa nilikuwa nagonga kwa ngumi. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu, viatu vyake vya Jumapili vikizama topeni. Nilizunguka nyuma nikaiona paipu nyeusi imechomekwa kwenye kizibo.

“Funga,” nikasema.

Akafunga.

Nikaingia jikoni, nikafungua mlango wa mashine. Sahani zilikuwa zimekaa kama zilivyowekwa. Mchuzi ulikuwa umekauka juu yake. Sabuni ilikuwa kwenye kikombe chake, haijaguswa. Mashine ilikuwa imekunywa tangi zima la maji ya mvua na haikuwa imeosha hata kijiko.

Susu alitoka chumbani akishikilia ukuta. “Bado inaosha?” akauliza. “Nilisikia inaosha, nikasema leo vyombo vitang’aa.”

Nilitaka kupiga mtu. Sikupiga. Nilimpa maji kwenye kikombe, kutoka kwenye mtungi wa udongo uliokuwa ndani ya nyumba, na nilipommiminia nilijikuta nikitazama kikombe kama mwenye duka anayepima sukari. Alikunywa nusu, akanirudishia. “Hifadhi hiyo,” akasema. Alikuwa ameshaelewa.

Jumatatu asubuhi fundi aliitwa. Alifika na begi lake, akaitazama mashine kwa muda mrefu, akaigonga ubavuni. “Hii ilitoka kiwandani na makosa,” akasema. “Haina maneno mengine.”

“Makosa ya kiwanda?”

“Ya kiwanda, mama. Mimi paipu yangu haivuji hata tone.”

Kweli haikuvuja, na hilo lilinikera zaidi. Nilichukua ndoo, nikaijaza maji ya chumvi, nikaiweka juu ya kigoda cha susu. Nikachukua kipande cha paipu, nikakitia ndani ya ndoo, nikavuta kwa mdomo na kukiachia chini. Ndoo ikaanza kumwagika yenyewe, nami nimesimama nimekunja mikono. Tulitazama wote watatu mpaka ikaisha.

“Hiyo paipu ya migombani mmeilaza chini,” nikasema. “Mashine ikitema mara ya kwanza, maji yanaanza kujivuta yenyewe kama ya ndoo hii. Maji yanaingia huku, yanatoka huku. Hayajai humo ndani, kwa hivyo inangoja yajae, kwa hivyo inavuta. Ingengoja mpaka Krismasi.”

Fundi akaitazama ndoo tupu, akanitazama. “Mama, hii umesomea wapi?”

“Nyuma ya hoteli Kitui. Madereva wa malori walinyonya dizeli hivyo kila siku, mbele ya macho yangu.”

Alikusanya spana zake. Aliondoka akisema angerudi kuinua paipu, na hakurudi.

Sasa mdogo wangu akabaki na mimi uani. Alipaswa kuwa njiani kwenda Mombasa na pikapu ya watu. Alikaa kwenye ngazi, mtu mzima mwenye tai mfukoni, akawa anachora chini kwa kijiti.

“Zimebaki siku ngapi za maji?” akauliza.

“Kwa susu peke yake, labda kumi. Kwenye tangi kuna tope.”

“Na mvua?”

“Nenda ukaiulize.”

Alikwenda posta Wote akapiga simu kazini. Alichoambiwa na mkubwa wake hakunisimulia, lakini macho yake yalikuwa chini. Aliporudi alisema tuazime mitungi, twende Mbooni. Huko milimani kuna chemchemi za maji matamu, na hakuna chumvi. Nilizunguka nyumba za akina mama wale wale waliopiga makofi, nikakusanya mitungi ishirini na miwili ya plastiki, kila mmoja na alama ya mwenyewe, huu kitambaa chekundu, huu kifuniko cha gunzi la mahindi. Walinipa bila kucheka mbele yangu. Walichofanya nikishatoka ni chao.

Barabara ya Mbooni inapanda kwa kona, na mitungi mitupu iligongana nyuma njia nzima. Pikapu haikuweza kufika kwenye chemchemi. Tuliiacha juu, tukashuka njia ya miguu kupita kwenye mashamba ya maharagwe hadi kwenye jiwe ambapo maji yanatoka. Kina mama wa pale walikuwa kwenye foleni. Waliposikia tumetoka Wote na mwanamume huyu anafanya kazi Mombasa, mmoja akashika kiuno.

“Mombasa mna bahari nzima, na bado mnakuja kutuibia maji huku?”

“Ile ina chumvi, mama,” mdogo wangu akasema.

“Basi mngeitia sukari!”

Walitupa zamu. Lakini walitaka malipo yao, na malipo yalikuwa kumtazama mdogo wangu akipanda mlima na mtungi. Wanawake wa kwetu hubeba maji mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, na mikono imebaki huru. Wanaume hawabebi hivyo. Kwa hiyo alibeba kwa mkono, mtungi mmoja huku na mmoja kule, na kila hatua ulimgonga gotini. Mimi nilimpita mara mbili. Safari ya tatu aliketi kwenye jiwe katikati ya mteremko, akafungua viganja. Vilikuwa na malengelenge.

“Nilitaka ile mikono yako ipumzike,” akasema. “Ni hivyo tu.”

“Mikono yangu imewahi kukulalamikia?”

“Haijawahi.”

“Ilikutuma?”

“Dada, sikuhitaji kutumwa. Nilikuwa naiona.”

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba kusoma kwake kulitosha. Kwamba sikuosha vyombo miaka tisa ili mtu aje kunifidia kwa mashine ya mzungu. Kwamba angeniuliza hata mara moja ninachotaka, ningemwambia nataka tangi la pili. Hili la mwisho ndilo nililomwambia, na nililisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na mtungi mgongoni.

Alinitazama. “Tangi?”

“Tangi. La mabati. Liko Wote dukani, halina nati ya ulaya.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kwa nini hukuuliza?”

Akanyanyuka, akabeba mitungi yake. Tulifanya safari hiyo ya Mbooni mara tatu, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tukijaza mitungi saba au minane kila siku, kadiri foleni ilivyoturuhusu. Alhamisi alirudi Mombasa. Maji ya Mbooni tuliyatia ndani ya nyumba, mitungi imepangwa chumbani kwa susu, na akina mama wa kanisa wakakubali kukaa bila mitungi yao mpaka mvua. Sisi wengine tulikunywa ya kisima. Kwa wiki nane sikunywa chai ya maziwa. Ilikatika, ikaelea vipande, na asubuhi kwa asubuhi nilikunywa ya rangi yenye ladha ya msumari nikimfikiria yule fundi.

Tangi la pili alilileta mwaka uliofuata. Na mashine, kwa kuwa watu huniuliza, iko. Aliinua ile paipu ya maji machafu mwenyewe, akaifunga juu ya ukuta kwa msumari, na sasa inaosha wakati wa mvua kubwa tu, matangi yote mawili yanapofurika na maji yanamwagika bure. Inaosha vizuri. Sahani zinatoka zimeng’aa kabisa, na sipendi kulisema hilo mbele yake.

Lakini mwaka ule, ilipofika wiki ya mwisho ya Novemba, mbingu ilikuwa bado nyeupe. Chumbani kwa susu kulikuwa na mitungi miwili yenye maji. Nilikuwa nimeshaanza kumpunguzia bila kumwambia, na yeye alikuwa ameshaanza kukataa vikombe bila kuniambia sababu. Miguu yake ilikuwa myembamba, viatu vinamwingia, nami kila asubuhi niliitazama kwanza kabla ya kumsalimu.

Mvua ilikuja Alhamisi mchana. Ilipiga mabati kwa fujo. Nikatoka mbio kuondoa bomba la paa kwenye tangi, kwa sababu mvua ya kwanza inaosha paa, vumbi na mavi ya ndege, na hiyo hatuinywi. Nililowa mpaka mifupa. Niliacha paa lioshwe. Maji yalipotoka meupe nikarudisha bomba, nikasimama pale nikisikiliza tangi likipokea, likipiga kelele ya utupu wake, halafu kelele ikipungua kidogo kidogo.

Susu alikuwa amekuja mlangoni. Alikuwa ameshika kikombe cha maji ya Mbooni ambacho nilimpa asubuhi, bado hakijaisha. Akakiinua, akakimimina chote kwenye ua, taratibu, kama mtu anayemwagilia maua.

“Susu! Hayo tuliyabeba mgongoni!”

“Yana ladha ya ukoga wa mitungi,” akasema. “Nimeyanywa miezi miwili ili yule mdogo wako asione haya. Sasa nipe maji.”

Akaninyooshea kikombe. Nikakikinga chini ya ukingo wa paa.